Mwaridi Nyuma ya Ukuta

Tangu asubuhi Miwani alikuwa hajakaa. Alishika ufagio akauacha katikati ya sebule, akaenda jikoni akasahau alichofuata, na kila aliporudi alijikuta amesimama kwenye mlango wa nyuma, mkono juu ya komeo, kama mtu aliyeitwa asijue na nani.

Ukweli ni kwamba alijua na nani.

"We mtoto, viatu vyako vina siafu?" Shangazi alimuuliza kutoka kwenye kochi. Alikuwa dada wa marehemu baba yake, mwanamke mnene mwenye ulimi mwembamba. "Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

"Nataka kuangalia kama nguo zimekauka, Shangazi."

"Nguo gani? Nguo zote ninazo mimi hapa, nazikunja. Labda unataka kuangalia kamba kama imekauka."

Miwani aliona haya, akakaa. Dakika haikupita, akainuka.

Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Siku nyingine alishinda kwenye duka la miwani, nyuma ya kaunta, akisaga lenzi na kuzifuta mpaka mtu adhani fremu ni tupu. Lakini jina alilipata zamani kabla ya kazi. Alivaa miwani tangu shule ya msingi, na watoto wa mtaani hawana huruma. Walimwita Miwani, naye akaitika mpaka akazoea. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye akilitamka jina lile lilisikika jipya, kama nguo iliyotoka dukani bado na mikunjo yake.

Mtu huyo aliishi nyuma ya ukuta, na asubuhi ile alikuwa amemtumia ujumbe: *Wamenipa uhamisho. Kituo kipya, mbali. Jibu linatakiwa leo kabla ya jua kuzama. Nikuone kwanza. Ukutani, saa kumi.*

Miwani aliusoma mpaka maneno yakapoteza maana, akaanza upya.

Mtaa ulimwita King'ora, kwa sababu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la zahanati. Gari alikaa nalo mwenyewe, maana wagonjwa hawana ratiba. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho. Baada yake kulikuwa na mchanga, na baada ya mchanga maji.

Katikati ya nyumba hizo mbili ndipo palipokuwa na bustani ya Baba.

Haikuwa kubwa. Ungetandika mikeka michache tu ingejaa. Lakini Baba alikuwa amepanda humo kitu ambacho watu walimcheka nacho, mwaridi. Aliuleta ukiwa kijiti ndani ya kopo, na jirani mmoja akamwambia waridi na chumvi ya bahari ni sawa na paka na maji. Baba hakubishana. Aliukinga kwa michongoma aliyoipanda kwenye mpaka wa kiwanja, akauosha majani kila asubuhi kwa maji baridi, akautandazia majani makavu chini usipate kiu. Kijiti kikawa kichaka. Haukuwa mwaridi wa kusimama wima kwa maringo. Ulijaa na kuinama kila upande, na ulipochanua, mtaa ulinyamaza. Mawaridi yake yalikuwa ya rangi ya chungwa, lakini siyo rangi ya ganda. Ni ile rangi ya ndani ya papai lililoiva, na kwenye kingo wekundu kidogo kama mtu aliyesifiwa mbele za watu. Na harufu! Harufu ya pera bivu lililosahauliwa kwenye droo ya nguo. Uliipata kitandani kabla hujafumbua macho.

Baba alifariki ndani ya gari la wagonjwa, njiani, mkono wake mikononi mwa Mama, king'ora kikilia juu ya vichwa vyao. Aliyeshika usukani alikuwa kijana wa jirani.

Mama hakumlaumu kwamba alichelewa. Hakuchelewa. Aliendesha kama mtu anayembeba baba yake mwenyewe. Lakini alipokuja msibani akainama na kusema, "Shikamoo, mama," Mama aligeuza uso. Na tangu siku ile hakuwahi kumwitikia. "Nikimwona yule, nausikia ule mlio," alisema mara moja tu, akaufunga mdomo. Hata injini ya gari lile ikinguruma mbali, Mama aliinuka na kufunga dirisha.

Sasa Mama, akiwa na moyo huo, jioni moja akawakuta binti yake na King'ora kwenye michongoma, vidole vimepenyezwa kati ya miiba na kushikana. Mama hakupiga kelele. Wiki iliyofuata michongoma ilikatwa, mizizi ikang'olewa, akaja mwashi, ukuta ukapanda kupita kichwa cha mtu mzima.

"Wifi," Shangazi alisema siku ile akitazama mwashi akipiga lipu, "zama hizi binti hafungiwi kwa matofali. Anafungiwa kwa vocha."

Mama hakucheka. Lakini hakuhitaji kumfungia mtu vocha. Miwani mwenyewe alimwahidi kwamba hatakutana na King'ora kwa kificho, na aliishika ahadi yake; maneno machache juu ya ukuta, mchana kweupe, hakuyahesabu kuwa kificho. Mtu aliyebaki na mzazi mmoja humshika kwa mikono miwili.

Kisha mwaridi ukaanza kuugua.

"Hebu njoo! Njoo uone!"

Ilikuwa sauti ya Mama kutoka bustanini, siku ile ile ya ujumbe, saa kumi ikikaribia. Miwani alitoka mbio. Mama alikuwa amesimama kando ya kichaka, kopo la kumwagilia mkononi, kanga imemtoka begani. Majani ya juu yalikuwa yameungua kingo, kahawia, yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Vitumba vilikuwa vimekauka kabla ya kufunguka. Waridi moja tu, chini kabisa, lililojificha karibu na shina, lilikuwa zima.

"Onja." Mama alimsogezea jani mdomoni.

"Mama, jani?"

"Onja nimekwambia."

Miwani aligusa jani kwa ncha ya ulimi. "Chumvi."

"Eeh! Chumvi. Nauosha asubuhi, jioni una chumvi. Wakati wa michongoma chumvi haikuwa hivi. Sasa nimejenga ukuta, upepo haupiti hata kwa tundu la sindano, chumvi ndiyo inazidi. Chumvi ina miguu? Imepanda ukuta ikashuka?" Alishusha sauti, akaelekeza kidevu upande wa pili. "Anaimwaga yule."

"Mama!"

"Nani mwingine? Nimemnyima mwanangu, basi naye ananiulia mwaridi wa mume wangu. Anachota maji ya bahari, hatua mbili tu kutoka kwake, anamwaga juu ya ukuta nikiwa nimelala."

"King'ora hawezi kufanya hivyo."

"Wewe ungejuaje anachoweza? Umeishi naye?" Mama aliliweka kopo chini kwa kishindo, maji yakamrukia miguuni. "Nimechoka. Nakwenda kuvaa. Nakwenda kwa daktari wake pale zahanati leo leo. Nitamuuliza kama dereva wake ameajiriwa kubeba wagonjwa au kuua maua ya wajane."

Akaingia ndani, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Miwani alibaki bustanini, moyo unamwenda kama cherehani. Daktari yule yule ndiye aliyekuwa akingoja jibu la uhamisho. Mama akimfikia na maneno haya, hakutakuwa tena na jibu la kutoa. Watamhamisha wakimsukuma mgongoni.

Kitu kilikwaruza ukuta. Zikatokea nywele, kisha paji la uso, kisha yale macho.

"Miwani."

"Shuka! Mama yumo ndani anavaa. Anakwenda kukushtaki."

"Kwa kosa gani? Kama ni kupenda, nitakiri."

"Kwa chumvi."

"Chumvi gani?"

"Anasema unamwaga maji ya bahari kwenye mwaridi."

King'ora alitaka kucheka. Macho yalikuwa tayari yameanza, lakini yakauangukia mwaridi, yakaacha. "Ah, masikini," alisema polepole. "Umekuwaje huu? Nilikuwa napata harufu yake kila alfajiri nikifungua mlango. Siku hizi siipati. Nikajua ni ukuta tu umeizuia."

"Majani yanaungua. Hatujui kwa nini."

Upepo wa alasiri ulikuwa umekaza, ukipiga mluzi juu ya ukuta. Miwani alisimama kando ya mwaridi, akitafuta mahali pa kuweka mikono yake, akaikunja, akaikunjua.

"Kituo chenyewe kikoje?" aliuliza.

"Kizuri. Gari jipya. Nyumba ya kazi. Mtu mwenye akili angekuwa ameshafunga mizigo."

"Basi nenda."

"Unataka niende?"

"Wewe ndiye uliyesema mtu mwenye akili."

"Miwani, usinichezee leo." Sauti yake ilishuka. "Nisikilize. Nikikataa, nitabaki hapa. Sawa. Nibaki kama nani? Jirani wa kuchungulia? Nimechoka kusimama juu ya ndoo kama jogoo aliyekosa alfajiri. Mama yako nikimsalimia haitikii. Wewe nikikuona, nakuona kutoka juu, utosi na miwani tu. Kuna siku nilijaribu kukumbuka viatu vyako, nikashindwa."

Miwani alicheka bila kutaka.

"Niambie neno moja," alisema King'ora. "Baki, au nenda. Nitalikubali lolote. Ila usininyamazie."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake tangu asubuhi, limemfukuza kutoka chumba hadi chumba. Lakini amwambie abaki, abakie nini? Amfunge mtu na ndoo yake nyuma ya ukuta, mwaka hadi mwaka, mpaka amchukie? Na akimwambia aende, yeye alfajiri ataamkia nini?

Uso wa King'ora ukaanza kumpotea. Miwani alidhani ni machozi. Akajigusa shavu, kavu. Akavua miwani.

Lenzi zilikuwa na ukungu. Akazifuta kwa pindo la gauni. Ukungu haukutoka, ulijipaka. Akasogea chini ya ukuta ili amsikie vizuri, akazipulizia pumzi, akazifuta tena mpaka zikang'aa. Akavaa.

"Miwani?"

"Nakusikia. Mimi..." Akarudi nyuma hatua chache, karibu na mwaridi, maana pale chini ya ukuta alikuwa haoni hata nywele zake. Akafungua mdomo kusema. Ukungu tena. Vitone vidogo vidogo, juu ya lenzi zote mbili.

Akaivua miwani. Akaweka kidole. Vidole vyake vilishashika lenzi za mtaa mzima: za waokaji zenye unga, za mafundi rangi, za wauza samaki. Vumbi hutoka kavu. Mafuta huteleza. Kitu kinachojipaka na kuacha michirizi myeupe ni kimoja tu.

"Nimekuuliza jambo la maisha," King'ora alisema kwa uchungu, "wewe unafuta miwani?"

"Nyamaza kidogo."

"Eh?"

"Nyamaza, nakuomba." Alisogea tena chini ya ukuta. Akasimama. Hewa pale ilikuwa imelala, hata unywele haukutikisika. Lenzi zikabaki safi. Akarudi kwenye mwaridi, upepo ukamwangukia kichwani kama maji yaliyomwagwa kutoka juu. Akainua uso. Ulikuwa unakuja kutoka baharini, unagonga ukuta, unapanda, unajikunja, na unashuka hapa. Hapa hapa.

"Nimekukamata!"

Mama alikuwa mlangoni, amevaa gauni lake la kutokea, mkoba kwapani. King'ora aligutuka. Kichwa kikatoweka, na upande wa pili ikasikika ndoo ikibingirika kwa makelele.

"Mmeisikia?" Mama alipiga makofi. "Wifi, njoo uwe shahidi! Ndoo! Ndoo yenyewe hiyo!"

Shangazi alitokea na shuka iliyokunjwa nusu. "Nimeisikia. Na mimi nilidhani ni moyo wa mtu."

"Shikamoo, mama," sauti ilisema nyuma ya ukuta.

Mama alikuwa tayari anageuka kwenda zake.

"Mama, ngoja." Miwani alimshika mkono. "Nipe miwani yako."

"Niache, daktari atafunga."

"Nipe kwanza. Halafu nenda, sitakuzuia."

Miwani ya Mama ilining'inia kifuani kwa uzi. Binti yake ndiye aliyeitengeneza, lenzi ya kwanza aliyoisaga bila kusimamiwa. Aliifuta mpaka ikawa kama haipo, akamvisha, akamwongoza hadi chini ya ukuta.

"Unaona nini?"

"Naona ukuta wangu."

"Vizuri? Bila ukungu?"

"Vizuri kabisa. Ukuta mzuri."

"Haya, njoo hapa sasa." Akamsimamisha kando ya mwaridi, akamgeuza aelekee baharini. "Tulia."

"Tunasubiri nini? We mtoto unanifanya..."

Upepo ulishuka. Ukuta ulipiga mluzi, majani yakatikisika, gauni la Mama likajaa. Walisimama hivyo, mama na mwana, kama watu wanaopigwa picha. Kisha Mama akapepesa macho.

"Kuna ukungu," alisema.

"Vua. Onja."

"Nionje miwani?"

"Mimi nilionja jani, Mama."

Mama alivua miwani, akaitazama kwa mashaka, akagusa lenzi kwa ulimi. Uso wake ukabadilika polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni.

"Chumvi," alisema.

"King'ora!" Miwani alipaza sauti. "Uko wapi?"

"Nimekaa kwenye ndoo," ilijibu sauti kwa unyonge.

"Unamsikia? Amekaa, mikono yake iko huko. Hakuna anayemwaga kitu, Mama. Upepo ukigonga ukuta haufi. Unapanda, unajikunja, unaanguka upande huu na kila ulichobeba. Michongoma ilikuwa na matundu. Upepo ulipita humo, ukachoka, chumvi ikabaki kwenye majani na miiba."

"Chujio," alisema Mama, kama anazungumza peke yake.

"Nini, Mama?"

"Baba yako. Alikuwa akiiita michongoma ile chujio lake. Kila nikimwambia aikate inachana nguo zangu, ananiambia, mke wangu, nani hunywa chai bila chujio? Nikadhani anatania."

"Kikulacho ki nguoni mwako, wifi," alisema Shangazi, lakini taratibu, bila meno. "Na nguo yenyewe umeishona mwenyewe."

Mama alikaa chini pale pale, na gauni lake la kutokea, juu ya majani makavu. Alishika tawi lililoungua kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa.

"Nimeuua," alisema. "Alichoniachia, nimekiua kwa mikono yangu."

"Haujafa." Miwani alipiga magoti, akakwangua gome la shina kwa ukucha. Chini yake kukaonekana ubichi, kijani, una majimaji. "Tazama. Uko hai. Unataka tu kupumua."

Mama alitazama ule ukijani kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaingia jikoni, na alipotoka alikuwa ameshika mchi.

"Wifi, unakwenda kutwanga nini?" Shangazi aliuliza.

Jibu lilikuwa kishindo. Mama aliupiga ukuta kwa mchi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lipu ikabanduka kipande cha ukubwa wa sahani. Ukuta haukujali.

"Utavunjika mkono kabla ya tofali!"

Kichwa cha King'ora kiliibuka, macho yamemtoka. "Mama! Kuna nini? Nimeshuka, wallahi, nilishashuka zamani!"

Mama aliinua uso, anahema. "Una nyundo?"

"Nini?"

"Nyundo. Unayo au huna?"

"Ninayo, mama."

"Na tindo?"

"Ipo."

"Sasa unanitumbulia macho ya nini?"

King'ora alitoweka. Punde kikasikika chuma kikigonga chuma, na vumbi likaanza kutiririka kwenye viungo vya matofali.

"Hilo toa," Mama aliamuru, akigonga kwa mchi upande wake kumwonyesha. "Linalofuata liache. Toa moja, acha moja, mstari mzima. Na unisikie vizuri: hilo ni tundu la upepo, si la mapenzi."

"Upepo nao siku hizi unakaguliwa mzigo?" aliuliza Shangazi. Miwani alijiziba mdomo.

Tofali la kwanza lilitikisika kama jino la mtoto, likatoka. Kwenye tundu ukatokea uso wa King'ora, umejaa vumbi, nyusi nyeupe kama za babu. Na aliyekuwa karibu na tundu hakuwa Miwani. Alikuwa Mama. Pua kwa pua, hawajapata kuwa karibu hivyo tangu ndani ya lile gari.

Miwani alimshika Shangazi mkono.

"Shikamoo, mama," King'ora alisema.

Mama alimeza mate. Akauegemeza mchi ukutani.

"Marahaba," alisema.

Neno dogo, kila mtoto hujibiwa nalo mara kumi kwa siku. King'ora alifumba macho kidogo alipolipokea.

"Umekonda," Mama akaongeza, kwa ukali.

"Tundu ni dogo, mama."

"Usinitanie. Michongoma itapandwa upya. Upande huu nitapanda mimi. Upande wako?"

"Nitapanda mimi."

"Michongoma haikui kwa wiki. Inataka miaka, na inataka mtu wa kuimwagilia maji. Mtu anayehama asinidanganye."

King'ora alishangaa. "Nani kakwambia kuhusu..."

"Nilikuwa navaa, sikuwa nimeziba masikio."

Macho ya King'ora yakapita juu ya bega la Mama, yakamtafuta Miwani, yakamkuta. Miwani akafungua mdomo. Sasa. Sasa neno lilikuwa na mahali pa kukaa.

Simu ililia mfukoni mwa King'ora.

Aliisikiliza, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazi. "Anapumua? Msimlaze. Nakuja." Akaiweka nyundo kwenye tundu, ikabaki pale mpini ukielekea kwao. "Mama, samahani, kuna mzee..." Hakumaliza. Walisikia miguu yake ikikimbia mchangani.

Mwili wa Miwani ulitangulia akili. Alijitupa kwenye tundu, akaingiza uso, akapiga kelele kwa mapafu yote.

"Baki! Unasikia wewe? Baki! Baki!"

Madirisha mawili ya jirani yalifunguka. Miguu haikusimama, ikazidi kufifia kuelekea kwenye kona.

"Mtaa mzima umesikia," alisema Shangazi. "Hata king'ora chenyewe hakijawahi kulia hivyo."

Miwani alijitoa kwenye tundu, vumbi usoni, miwani imekaa upande. "Hakusikia. Gari kaliacha mbali. Sijui kwa nini huliacha kule kwenye duka la dawa, atembee juani..."

"Tangu msiba," Mama alisema. "Huliacha kule ili nisilione."

"Ulijua?"

"Nina macho. Si umenitengenezea miwani wewe mwenyewe?"

Mbali, injini iliwaka. Kisha, baada ya kona, baada ya duka la dawa, mahali ambapo alijua sauti haitawafikia kwa nguvu zote, king'ora kikaanza kulia. Mama alishika ukingo wa tundu. Miwani alimsubiri ageuke, aingie, afunge dirisha. Hakugeuka. Alisimama amefumba macho mpaka mlio ukayeyuka.

"Kuna mke wa mtu ndani ya gari lile leo," alisema. "Mungu awafikishe."

Jua lilizama. Simu ya Miwani haikulia. Alipiga yeye, ikaita mpaka ikachoka. Alikula asichokijua ladha yake. Alilala upande wa kulia, akahamia wa kushoto, akaamka kuangalia kama simu ina chaji, ilikuwa nayo. Je, alifika kwa daktari kabla ya jua kuzama? Alijibu nini? Aliondoka na neno lipi masikioni: lile la kwanza, *basi nenda*, au la mwisho?

Alfajiri ilimkuta bustanini, miguu mitupu, kopo la maji mkononi. Alikuwa ameosha jani moja moja mpaka hakuna lililobaki. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa ni umande, ule upepo wa alfajiri utokao bara, mwepesi, na ulikuwa ukiichukua harufu ya lile waridi moja lililobaki, ukiipitisha kwenye tundu kwenda upande wa pili. Nyumba ya pili ilikuwa imefungwa. Hakukuwa na wa kuipokea.

Ndipo alipoisikia injini.

Ilikuja polepole, imechoka. Ilifika kwenye kona. Miwani aliacha kupumua. Ilifika kwenye duka la dawa, mahali inapozimwa kila siku, na Miwani akangoja izimwe.

Haikuzimwa.

Ilipanda mtaa. Ilipita nyumba ya kwanza, ya pili. Ikaja mpaka nje ya dirisha la sebule yao, ikanguruma pale, karibu kabisa, kama inayoomba ruhusa.

Miwani alikimbia ndani. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa akilitazama lile gari jeupe, na miche ya michongoma iliyosimama ndani ya kopo nyuma ya kioo chake cha mbele. Akakiweka kikombe mezani. Akanyoosha mkono kwenye dirisha, na Miwani akasimama pale pale alipo, kopo la maji bado linadondoka sakafuni.

Mama hakulifunga. Alilisukuma bawa la pili, dirisha likafunguka lote.

"Wewe uliyepiga kelele jana," alisema bila kugeuka, "mwambie nyundo yake iko kwangu. Na aje kuichukua kwa mlango, kama watu."